Kereji ya Mashine ya Mama

Nilipomaliza chuo sikurudi kwetu Bungoma. Nilikwenda kukaa Kitale, katika chumba kimoja nyuma ya duka la mbolea, kwa sababu Kitale hakuna aliyenijua kiasi cha kunisimamisha njiani na kuniuliza kama nimepata kazi. Nilikuwa na shahada ya uchumi, suruali mbili za kuvaa kwenye usaili, na tabia ambayo mama aliigundua nikiwa mdogo. Nikitumwa dukani kununua chumvi, nilirudi mikono mitupu kuuliza ni ya mawe au ya unga, na nikishajibiwa nilisimama tena mlangoni nikifikiria ni duka gani.

Hiyo ndiyo tabia niliyoingia nayo kwenye minada ya mtandaoni.

Binamu yangu, binti wa mjomba, alikuwa muuguzi Uingereza. Aliponipigia simu kunipongeza kwa kuhitimu, nilimweleza, kwa kukosa la kusema, kwamba wapiga picha wa Kitale walikuwa wanaacha kamera za filamu na kuziweka chini ya kaunta kama viatu vilivyoisha soli. Akasema huko aliko kuna tovuti ya mnada ambako watu wanazigombania kamera za aina hiyo. Yeye alikuwa na akaunti pale, na kadi ya benki. Hakuwa na nafasi. Mimi nilikuwa na nafasi tu. Tukakubaliana kwamba nimpelekee kamera aziuze, nami nitafute vitu vya kuleta huku na kutia dau kwa akaunti yake, yeye alipe na kupokea mizigo, kisha mtu yeyote anayesafiri kwa harusi au mazishi abebeshwe. Faida tugawane.

Kamera zilipanda kwenda Uingereza, sindano zikashuka kuja kwetu. Nasema sindano kwa sababu baada ya wiki chache niligundua bidhaa ambayo watu wa kwetu walikuwa wakiihitaji na hawakujua pa kuipata. Akina mama wengi wa Kitale na Bungoma walifuma sweta za shule kwa mashine za Kijapani, zile ndefu zinazolazwa juu ya meza, zenye sindano zilizopangwa kama meno ya kitana. Mashine hizo zilikuwa hazitengenezwi tena. Sindano ikivunjika ndoano, mfumaji aliiruka, na sweta ikatoka na mstari kama njia ya siafu. Huko Uingereza bibi kizee akifariki, wanawe waliiteremsha mashine yake kutoka darini na kuiuza kipande kimoja kimoja. Nilinunua sindano zao na kuziuza sokoni zikiwa zimefungwa kumikumi kwa mpira. Kwa mara ya kwanza tangu chuo nilikuwa nalipa kodi ya chumba bila kumpigia mtu simu.

Tovuti ile ilikuwa na utaratibu mzuri. Unaiambia bei ya juu kabisa uliyo tayari kutoa, nayo inaificha, kisha inakupandishia dau kidogo kidogo kila mtu anapokupita. Kama hakuna anayekupita, unakichukua kitu kwa bei ndogo na siri yako inabaki siri. Chuoni tulifundishwa mnada wa namna hiyo, na kwenye mtihani nikaandika kwa mwandiko mzuri kwamba mtu mwenye akili hutaja thamani anayoiona yeye mwenyewe, kisha huenda zake. Nilipata alama za juu kwa swali hilo.

Lakini mbele ya kompyuta ya saiba, duka la kukodisha intaneti, sikuweza. Niliogopa kwamba ndani ya tovuti kuna mtu anaziona siri zetu, naye atamwita rafiki yake aje kupandisha bei mpaka karibu na yangu. Nikaogopa pia kwamba nikitaja bei kubwa nitajulikana kuwa mtu mwenye shida. Nikifikiria kutaja ndogo, niliona nitajuta. Kwa hiyo nikajizoeza kungoja. Nilikaa bila kugusa kitu mpaka zibaki sekunde chache, ndipo nikaandika bei yangu na kubonyeza, kisha nikashusha pumzi. Mara nyingi nilishinda. Nikaanza kuamini kwamba woga wangu ni ujuzi.

Mama naye alikuwa mfumaji. Sweta zake ndizo zilizonisomesha. Miaka yote alifumia wafanyabiashara wa sokoni, waliompa uzi asubuhi na kumhesabia vipande jioni, lakini mapema mwaka ule shule moja ya msingi nje kidogo ya Bungoma ilimpa kazi yake yenyewe: sweta za wanafunzi wote, kijani kibichi zenye mstari wa njano shingoni, ziwe tayari kabla ya muhula wa pili. Muhula wa pili ndio wa baridi kwetu, na mtoto asiye na sweta asubuhi ya mwezi wa sita hawezi hata kushika kalamu. Shule ilinunua uzi na kuuleta nyumbani kwa mkokoteni. Mama aliupanga ukutani sebuleni, akawa anawaonyesha wageni. Alikuwa hajawahi kupewa shule nzima.

Mwezi wa pili, akiwa amemaliza migongo michache tu, kereji ilivunjika. Kereji ni kile chuma chenye mpini ambacho mfumaji hukisukuma kwenda na kurudi juu ya sindano. Ndicho kinachofuma, na bila hicho mashine ni ubao. Mama alisema ililia kama mtu aliyeuma jiwe ndani ya maharagwe. Fundi wa cherehani aliifungua, akaisafisha, akaifunga, akasema pole.

Wiki hiyo nilikuwa nimeshuka Bungoma kuuza sindano, nikamkuta mama sebuleni na mgeni, mwanamke wa Webuye aliyemfahamu kutoka mikutano ya akina mama wa kanisa. Alikuwa na mashine kama ya mama, ya aina ile ile, na hakuwa ameitumia tangu alipofungua duka la vyakula. Alikuwa tayari kuiuza. Mama alitaka kereji tu.

"Kereji peke yake siwezi kutoa, mama," mgeni alisema. "Nikitoa hiyo, hiyo ingine itabaki kitanda ya kuku."

"Na ukiniuzia yote, hii yangu ndio itakuwa kitanda ya kuku."

"Basi wewe utakuwa na kuku na mashine. Mimi sitakuwa na kitu."

Walicheka wote wawili. Nikaona mama anaanza kukubali, kwa jinsi alivyokuwa akikunja na kukunjua pindo la leso yake. Bei ya mashine nzima ilikuwa kubwa, lakini alikuwa nayo. Mimi nikaifikiria ile bei. Nikafikiria mashine mbili katika sebule moja. Nikakumbuka kereji moja niliyoiona ikienda kwa bei ya kutupa mwaka uliopita.

"Mama, ngoja kwanza," nikasema. "Hiyo kitu mimi nitakupatia kwa mnada."

"Mnada gani?" mgeni akauliza. "Ya ng'ombe?"

"Ya kompyuta."

"Na kompyuta inauza kereji?"

"Inauza kila kitu."

"Hata bwana?"

"Wewe si uko na bwana," mama akamwambia.

"Huyo ndio nataka kupeleka mnada."

Mama alicheka mpaka akafuta macho. Kisha mgeni akawa mtu wa biashara tena. Alisema kuna mwanamke wa Sirisia anayemsumbua kwa ajili ya mashine hiyo, anakuja Jumamosi na pesa mkononi. "Nikiwa na neno lako leo, namwambia arudi kwake. Nikikosa, anabeba."

Mama aligeuka akaniangalia mimi. Alikuwa amenunua na kuuza tangu kabla sijazaliwa, na hakuhitaji ruhusa ya mtu, lakini alikuwa amenisomesha uchumi na nadhani aliona huu ndio wakati wake wa kuutumia.

"Tungoje," nikasema.

Mgeni akamaliza chai yake.

Niliporudi Kitale nilitafuta kila siku. Zilitokea kereji za aina nyingine, ambazo hazingeweza kukaa kwenye mashine ya mama. Mama alinipigia simu mara kwa mara kunisalimu, na kila mara, baada ya salamu, palikuwa na kimya kifupi ambacho alikuwa ananiachia nikijaze. Mimi nikakijaza kwa kumwambia kwamba soko limelala kidogo. Mwezi wa tatu ulipokaribia kuisha, ikatokea. Ilikuwa ya aina yenyewe, imepigwa picha juu ya shuka la maua, na muuzaji alieleza kwamba ilikuwa ya mama yake na inafanya kazi. Mnada ungefungwa Jumapili, saa tisa alasiri ya kwao. Kwetu, kama nilivyokuwa nimezoea miezi yote ile, ni kuongeza saa tatu: saa kumi na mbili jioni. Rafiki wa binamu yangu alikuwa anakuja nyumbani wiki mbili baadaye. Angeibeba. Mama angebaki na muda wa kutosha kabla ya shule kufunguliwa.

Chini ya ukurasa ule palikuwa na kibao kidogo kinachoonyesha umefunguliwa mara ngapi. Nilipoufungua tena, kile kibao kiliongezeka kwa moja. Nikashtuka. Nikajiona mimi mwenyewe ndiye ninayeifanya kereji ionekane inatamaniwa. Watu wangekuja, wangeona idadi, wangesema hapa pana kitu. Kwa hiyo nikaufunga, nikajizuia kuufungua tena mpaka Jumapili. Nilijiona mtu mwerevu sana.

Jumamosi nilishuka Bungoma. Jioni binamu yangu akapiga simu.

"Weka bei yako ya mwisho leo, halafu ulale," akasema.

"Nikiweka leo wataona."

"Nani ataona?"

"Wenye tovuti."

"Wenye tovuti wako na kazi, bana. Ati wakae wakuangalie wewe na kereji ya shangazi?"

"Nitaweka dakika ya mwisho. Ndivyo nafanyaga."

"Haya. Wewe ndio ulisomea. Mimi kesho niko wodini, nikitoka nitakupigia."

Kanisani Jumapili, ulipofika wakati wa maombi, mama alisimama akaomba waumini wakumbuke kazi ya mtoto wake jioni ya siku hiyo. Watu waligeuka kuniangalia kwa huruma. Walidhani nina usaili, na huenda walishangaa ni ofisi gani inayofanya usaili Jumapili. Nyumbani alipika kuku, na alipopakua akaniwekea firigisi kwenye sahani yangu, kipande ambacho kwetu hapewi mtu asiye na jambo. Sikuisikia ladha yake. Nilikuwa nafikiria stima, umeme usije ukakatika.

Saiba nyingi za mji zilifungwa siku hiyo. Iliyokuwa wazi ni ile ya karibu na msikiti, ya mzee mmoja mwenye kofia nyeupe, mzaliwa wa mji ule ule, aliyenijua kwa sababu ya sindano zangu. Nilifika mapema makusudi.

"Mzee, leo unafunga saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Na wakati wa swala?"

"Alasiri nishaswali. Magharibi bado sana, na naenda hapo tu. Kwani?"

"Niko na jambo saa kumi na mbili kamili."

"Utakuwa ushamaliza."

"Na stima ikipotea?"

"Niko na jenereta."

"Iko na mafuta?"

Aliniangalia juu ya miwani yake. "Kijana, hii ni mnada ama unaoa?"

Wateja wawili wakacheka. Nikakaa kwenye kompyuta ya pembeni, ile ambayo hakuna anayeweza kupita nyuma yake. Kwa sababu ya kile kibao cha kuhesabu sikuufungua ukurasa. Nilisoma habari za mpira. Nilisoma habari za bei ya mahindi. Niliandika bei yangu kwenye kiganja kwa kalamu, nikaifuta kwa mate, nikaiandika tena ile ile. Ilikuwa bei ambayo sikuwa nimemtajia mtu, si binamu wala mama: karibu kila kitu nilichokuwa nimepata kwenye kamera na sindano. Nilikuwa nimeamua hivyo usiku, na kwa mara ya kwanza katika mambo yangu sikuwa nimebadilisha mawazo asubuhi. Ilipobaki robo saa nikaufungua.

Mnada ulikuwa umekwisha.

Nilidhani muuzaji ameondoa kitu chake. Kisha nikadhani kompyuta ina kasoro, nikamwomba mzee anihamishe. Alinihamisha bila kuuliza. Kompyuta ya pili ikasema vile vile. Kereji ilikuwa imechukuliwa na mtu mmoja, wa pekee aliyetia dau, kwa ile bei ya kuanzia. Hakuna aliyepandisha. Nilikuwa nimekaa pale kwenye kiti, nikisoma bei ya mahindi, muda ule ilipokuwa inakwenda.

"Umeshinda?" mzee akauliza.

Nikamwambia nimechelewa. Akatazama saa yake ya ukutani, kisha akanitazama mimi niliyefika kabla ya wateja wake wote wa jioni.

Nje, kwenye ngazi za duka, simu ikalia.

"Umepata?" binamu yangu akauliza.

"Wameifunga mapema. Karibu saa nzima mapema. Nitawaandikia."

"Lakini si saa zilisogezwa usiku."

"Zilisogezwa na nani?"

"Na watu wa huku. Kila mwaka wanafanya hivyo. Sasa mmetuzidi kwa saa mbili, sio tatu tena."

"Mtu anasogezaje saa?"

"Unashika mshale, unazungusha."

Nikadhani ananitania. Kwetu jua linachomoza na kutua wakati mmoja mwaka mzima, na saa haiguswi mpaka betri iishe. Niliingia minada ile mwezi wa kumi na moja, nikajifunza tofauti ya saa tatu, na hakuna kilichotokea kati ya hapo na siku ile cha kunifanya niishuku. Nikarudi ndani nikautazama ukurasa. Mwisho wa mstari wa muda palikuwa na herufi tatu ndogo, si zile nilizozizoea. Nilikuwa nimeziona tangu siku ya kwanza. Mimi, niliyehofia jenereta na swala na kibao cha kuhesabu wageni, nilizipita zile herufi nikidhani ni jina la nchi yao.

Mama alikuwa ameketi nje ya mlango aliponiona nakuja. Alisoma mwendo wangu.

"Wamekataa?"

"Hawakukataa. Nimechelewa."

"Ulichelewa aje, na ulitoka hapa chai haijaiva?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imelala mapajani.

"Kwa hivyo Mzungu akitaka, saa inasonga."

"Ndiyo, mama."

"Na jua?"

"Jua linabaki."

Akatikisa kichwa, nikadhani atacheka. Kama angecheka ningejisikia afadhali. "Nipigie yule wa Webuye," akasema.

Nilimpigia, nikampa mama simu, na kwa kuwa simu yangu ilikuwa na sauti kubwa nilisikia yote. "Pole, mama," yule mwanamke alisema. "Mtu wa Sirisia alibeba ile Jumamosi. Hata meza alibeba." Mama akamshukuru, akamuulizia duka, akamuulizia watoto mmoja baada ya mwingine, akakata simu.

Jumatatu alikwenda shuleni mwenyewe kuomba muda. Mwalimu mkuu alimpokea kwa heshima, akamwambia wazazi wameshalipa na baridi haiombwi muda. Kazi ilihamishiwa kwa yule mwanamke wa Sirisia aliyebeba mashine ya Webuye. Uzi ulikuwa wa shule, kwa hiyo ilibidi uhamishwe pia. Nilijitolea kuupeleka. Mama akakataa, akaupakia mwenyewe, akaenda nao. Ukuta wa sebule ulibaki na alama nyeupe pale uzi ulipokuwa.

Sikujua walichozungumza huko. Nilijua tu kwamba alirudi na kazi. Mfumaji wa Sirisia alikuwa na haraka na mashine nzuri, lakini mkono wake wa kushona haukuwa mzuri, na kila mtu wa upande wetu alijua mama anavyounganisha mabega ya sweta hata usione mshono. Kwa hiyo vipande vikafumwa Sirisia, vikaletwa Bungoma katika magunia, na mama akaviunganisha kwa sindano ya mkono. Alilipwa kwa kipande, kama zamani alivyolipwa na watu wa sokoni.

Nilishuka mwezi wa sita nikamkuta ameketi mlangoni kufuata mwanga, gunia la mikono ya kijani, ya madarasa yaliyochelewa, ubavuni. Macho yake yalikuwa yameanza kukataa tundu la sindano. Nikaketi chini yake nikawa namtungia uzi. Asubuhi hiyo njiani nilikuwa nimepishana na watoto wa ile shule, wamevaa, wamefunika vidole vyao kwa ncha za mikono ya sweta, na nikakuta nayatazama mabega yao.

"Baba," mama akaniita, kama anavyoniita tangu nilipokuwa mdogo. "Ile siku. Ungetoa ngapi?"

Sikutaka kumwambia. Nilifikiria kupunguza, ili isionekane kubwa, kisha nikafikiria kuongeza, ili aone nilivyotaka. Mwishowe nikamwambia ile niliyoiandika kiganjani.

Aliacha kushona. "Hiyo yote?"

"Hiyo yote."

"Kwa chuma nzee."

"Ndiyo, mama."

Aliutazama mkono wa sweta uliokuwa magotini pake kama mtu anayetafuta pa kuanzia. "Na hiyo bei uliijua tangu lini?"

"Tangu Jumamosi."

"Basi si ungewaambia," akasema, akaendelea kushona.

Sijui kama ningeshinda. Hilo ndilo linalonirudia. Yule aliyeichukua huenda alikuwa amewaambia bei kubwa kuliko yangu, ikabaki imefichwa kwa sababu hakuna aliyemgusa. Huenda pia alikuwa na shilingi chache juu ya ile ya kuanzia, akabahatisha. Nimeipiga hesabu hiyo kwa njia zote nilizofundishwa, na haitoi jibu. Kuhusu mashine ya Webuye hakuna hesabu ya kupiga. Ilikuwepo, mwenyewe alikuwa ameketi sebuleni anakunywa chai, na mama alikuwa anakaribia kusema ndiyo.

Mwezi wa nane ilitokea kereji nyingine ya aina ile. Niliifungua, nikaandika bei yangu yote siku ya kwanza, nikatoka saiba nikatembea mpaka mwisho wa mji wa Kitale na kurudi, mikono imetulia mifukoni kwa nguvu. Nilishinda kwa bei ndogo sana. Ililetwa na mtu aliyesafiri kwa mazishi, imefungwa ndani ya blanketi, na nikaishusha Bungoma mimi mwenyewe.

Mama aliifuta kwa kitambaa chenye mafuta, akaiweka relini, akatafuta mabaki ya uzi wa rangi yoyote. Akasukuma. Ikaenda mpaka mwisho ikarudi, na ule mlio niliokua nao, wa kukwaruza kwa haraka haraka, ukajaa nyumba. Akafuma upana wa viganja viwili. Akatazama, akavuta kwa vidole, kukaza na kulegeza.

"Inaenda?" nikauliza.

"Inaenda."

"Vizuri?"

"Inaenda vizuri, baba. Asante."

Akaukata ule uzi, akaifunika mashine kwa shuka, akaingiza ncha za shuka chini ya meza pande zote ili vumbi lisipite. Kisha akavuta gunia la Sirisia, sasa la shule nyingine, karibu na mlango, kwa kuwa lingekuja kuchukuliwa kesho yake asubuhi, na bado palikuwa na mikono mingi haijapata mabega.